Mwinjilisti Fanueli na Mkwe Asiyeamini

Fanueli alikuwa mwinjilisti kwa kazi, mkulima kwa lazima na mbishi kwa kuzaliwa. Uinjilisti ulimpa joho na funguo za kanisa dogo la mtaani kwao, mlimani juu ya Mlalo. Ukulima ulimpa viazi, kabichi na mgongo unaouma. Ubishi haukumpa kitu, lakini ndio alioufanya kwa moyo wake wote.

Shida yake kwa miaka mingi ilikuwa kukosa mtu wa kubishana naye. Walutheri wenzake walikubaliana naye kabla hajamaliza sentensi. Wakatoliki waliokuja gulioni walimsalimu kwa adabu wakaenda zao. Selemani, muuzaji wa duka la ushirika, Mwislamu wa kutoka Tanga mjini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu ni mmoja, Mzee. Nikupimie sukari kiasi gani?" Fanueli alirudi nyumbani na sukari yake, na hoja zake zikiwa nzima zote kama alivyokwenda nazo.

Ndipo akaja Ernest.

Ernest alikuwa kijana wa Mgwashi, amebatizwa akiwa mchanga kama watoto wengine wa kule, kisha akapelekwa na Serikali kusoma kilimo Bulgaria. Alirudi akiwa bwana shamba, miaka ile ya kuanzisha vijiji vya ujamaa, na buti za mpira, kamba ya kupimia miteremko, na bila Mungu. Jambo hili la mwisho lilijulikana siku ya kufungua shamba la kijiji. Fanueli, kwa ukarimu, alimwomba mgeni afungue kazi kwa sala.

"Omba wewe, Mzee," Ernest alisema. "Mimi siamini. Lakini nitavua kofia na kunyamaza."

Watu waliganda na majembe mikononi. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Mzee wa kanisa Kornelio alitazama juu, kana kwamba radi ilikuwa imechelewa tu njiani. Fanueli peke yake ndiye aliyetabasamu. Aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuanza.

Tangu hapo, kila siku ya gulio wawili hao walikaa kwenye benchi nje ya duka la ushirika, na watu wakawazunguka. Selemani alikuwa mwamuzi, kwa kuwa hakuwa Mlutheri wala hakuwa amesoma Bulgaria.

"Shikamoo, Mzee," Ernest alianza kila mara.

"Marahaba. Na heshima hiyo umeitoa wapi, kama hakuna Mungu?"

"Kwa mama yangu, Mgwashi. Alinichapa."

"Na mama yako aliitoa wapi?"

"Kwa mama yake. Naye alichapwa."

"Unaona? Ukipanda ngazi hiyo, utamkuta Mungu juu kabisa."

"Akiwa na fimbo?" aliuliza Ernest, na watu wakacheka mpaka Selemani akapiga meza ya mizani awanyamazishe.

Si kwamba Fanueli alishindwa kila mara. Siku moja alinyanyua kabichi kubwa kutoka kwenye kapu la jirani, akauliza kama kitu kilichopangwa vizuri namna ile, jani juu ya jani, kingeweza kujipanga chenyewe. Ernest alisema kabichi ile imetokana na mbegu na samadi. Na mbegu? Imetoka dukani. Fanueli akamgeukia Selemani kwa ushindi: na dukani imetoka wapi? "Dukani zimeisha, Mzee," Selemani alijibu. "Nilishaandika Tanga, sijajibiwa." Hoja ya uumbaji ikaahirishwa mpaka mbegu zifike.

Mara nyingine Ernest alimwuliza kwa nini Mungu mwema alileta mvua iliyoporomosha shamba la mjane Secilia. Fanueli aliruka kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo usiku kucha. Mungu hakuliporomosha shamba, alisema. Mungu alileta mvua, na mvua ni baraka. Shamba liliporomoka kwa sababu mteremko ule haukuchimbwa matuta.

Wazee pale walikuwa hawajasahau matuta waliyolazimishwa kuchimba na Waingereza, na jinsi walivyoyakataa mpaka watu wakafungwa. Ernest naye alikuwa amezunguka miezi kadhaa akiwabembeleza wayachimbe tena, bila kumpata hata mmoja.

"Kwa hiyo, Mzee, unakubali kwamba matuta yanafaa?" aliuliza taratibu.

Mwinjilisti alitazama kulia, akatazama kushoto. Kukataa ni kumtwika Mungu lawama ya shamba la Secilia. Akakubali. Wiki iliyofuata alionekana kwenye mteremko wake mwenyewe, ameinama, anachimba, huku Ernest akimshikia kamba. Siku ile alikuwa amemwokoa Mungu na kuutoa sadaka mgongo wake.

Mjadala uliopendwa kuliko yote ulikuwa ule wa nafsi. Fanueli alisema ndani ya kila mtu yuko mwenye nyumba, na mwenye nyumba huyo ndiye anayesema "mimi". Mwili ukianguka, yeye anahama. Ernest alisema amepekua kila chumba na hajamwona.

"Nafsi ni kama kijiji chetu hiki," alisema. "Yupo Kornelio, yupo Secilia, yupo Selemani, wapo mbuzi, lipo duka. Waondoe wote mmoja mmoja. Je, utabaki na mtu amekaa peke yake anayeitwa Kijiji?"

"Kijiji kina mwenyekiti," Fanueli alisema.

"Ambaye tulimchagua sisi, na tunaweza kumwondoa."

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amesimama nyuma akila muwa, aliacha kutafuna.

"Basi niambie," Fanueli alisema, "wewe ukisema 'mimi naona njaa', kikao kimekaa lini?"

"Hakukai kikao, Mzee. Tumbo ni katibu mwenye haraka."

"Na ukipenda? Ukimpenda mtu, nani ndani yako anapenda, ikiwa hamna mtu?"

Ernest alikohoa, akarekebisha buti, akasema jua limekwenda. Watu walimshangilia mwinjilisti. Fanueli alipanda mlima akiwa mwepesi kama kijana, akamsimulia mkewe Klara ushindi wake tangu mlangoni mpaka jikoni. Klara alikuwa anachambua maharage. Alimtazama binti yao Marta, aliyekuwa anachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu, akarudi kwenye maharage yake.

Marta alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Darasani kwake wazee walijifunza kusoma maneno kama *mbolea* na *mteremko*, na bwana shamba alikuwa akialikwa kuyaeleza. Alialikwa sana. Kijiji kizima kilikuwa kimeliona jambo hilo, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anatafuta hoja.

Selemani alikuja Jumapili mchana, amevaa kanzu ya pasi, ameshika jembe jipya.

"Nimetumwa na Bwana Shamba, Mzee."

"Kuhusu matuta?"

"Kuhusu Marta."

Fanueli alikaa. "Yaani asiyeamini amemtuma Mwislamu kuposa kwa Mlutheri?"

"Ndiyo ujamaa wenyewe, Mzee," Selemani alisema, akaliegemeza jembe ukutani, nje, pembeni ya mlango.

Hiyo ilikuwa desturi ya ukoo wa Fanueli tangu kwa babu zake. Jembe la posa huachwa nje. Baba wa binti akiliingiza ndani, amekubali. Akilirudisha, amekataa. Na likishaingia ndani, kijana amekuwa mkwe, na mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mkwe na baba mkwe hawataniani, hawabishani, hawakai benchi moja. Wakikutana njiani, kijana husogea pembeni, husalimu akitazama chini, na mambo yao hupitia kwa mtu wa tatu. Kanisa halikuwahi kuiondoa desturi hiyo, na Fanueli mwenyewe alishaihubiri mara nyingi kama mfano mzuri wa adabu.

"Nitaliombea," alisema.

Akaliombea kweli. Aliliombea wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna maharage. Jembe likabaki nje. Kuku walilizoea wakalala juu ya mpini wake. Manyunyu ya mlimani yalilipata, likaanza kushika kutu. Kila aliyepita aliliona, na kila asubuhi Marta alilipita akienda kuchota maji na kulipita tena akirudi.

Kornelio alipouliza kulikoni, Fanueli alieleza kwa sauti nzito kwamba hawezi kumtoa mwanawe kwa mtu asiyemkiri Mungu, na kwamba anaendelea kujadiliana naye mpaka aelewe. Maneno hayo yalikuwa ya kweli na ya haki, na ndiyo yaliyofanya iwe vigumu kuona kilichojificha nyuma yake. Kwenye gulio Ernest alikuwa bado anakuja, kwa kuwa hajawa mkwe, na Fanueli alikuwa bado anamkaribisha, kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu ikaja habari kwamba Ernest amehamishiwa Handeni. Alitakiwa kuondoka kabla ya masika.

Marta hakulia mbele ya baba yake. Alimwandalia chai, akakaa mkabala naye, akasema, "Baba, ukilirudisha jembe nitakubali uamuzi wako. Ukiliingiza nitashukuru. Lakini usiliache hapo nje mpaka aondoke, halafu useme ni Mungu aliyeamua."

Fanueli alikunywa chai ikiwa bado ya moto mno, akaungua ulimi. Akachukua fimbo yake, akashuka kwenda kumtafuta Ernest.

Alimkuta kwenye shamba la mjane Secilia, amepiga magoti, anapima mteremko. Fanueli alisimama juu ya tuta, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuuza kitu cha magendo.

"Sikiliza, kijana. Umebatizwa. Jina lako liko kwenye kanisa la kwenu Mgwashi. Siku ya ndoa watu wote husimama wakakiri Imani kwa pamoja. Wewe simama tu nao. Tembeza midomo. Sauti zao zitatosha, hakuna atakayejua."

Ernest aliinuka, akapangusa udongo magotini. Hakucheka, na Fanueli angefurahi kama angecheka.

"Hakuna atakayejua, Mzee?"

"Hakuna."

"Mwaka mzima umeniambia yupo anayeona moyoni mwa mtu. Uliniambia mbele ya watu, nikakubishia. Leo tuko wawili tu, unaniambia hakuna anayeona." Akaanza kukunja kamba yake. "Mimi siwezi kumdanganya Mungu wako, Baba Mwinjilisti. Simjui. Lakini watu wale nawajua, na Marta namjua, na wewe nakujua. Siwezi kusimama mbele yenu niseme uongo siku ninayoapa kusema kweli."

Fanueli aliaga, akapanda mlima, safari hii bila wepesi wowote. Amri ya kutosema uongo alikuwa amewafundisha watoto wa kipaimara miaka yote ile, na haikuwa na kifungu kinachosamehe uongo unaosemwa kwa kutembeza midomo, wala uongo unaopendekezwa na mwinjilisti.

Klara alikuwa uani. Alisikiliza habari yote, maana Fanueli hakuwa na tabia ya kumficha, hata yale yaliyomwaibisha.

"Baba Marta," alisema, "nikuulize jambo, na usinijibu kwa aya."

"Uliza."

"Kama Ernest angeamini kesho asubuhi, ungeliingiza jembe?"

"Mara moja."

"Ungeliingiza? Halafu gulio lijalo ukae na nani kwenye benchi lile? Na Kornelio?"

Fanueli alianza kukwangua udongo kwenye fimbo yake.

"Humzuii kijana kwa ajili ya Mungu," Klara alisema. "Mungu ana subira, amekuwa akimngoja tangu Bulgaria. Wewe unamzuia kwa ajili ya gulio. Unamtaka Ernest awe wako, mtoto wako akose. Na jina la Mungu umelitandika juu, pasionekane chini."

Kwenye benchi la ushirika Fanueli angepata jibu la maneno hayo. Uani mwake hakulipata, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na yeye, kwa mabaya yake yote, hakuwa mtu wa kubishana na kweli akiijua. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikumbuka jinsi alivyoomba juu ya posa ile, na akatambua kwamba katika sala hizo zote hakuwa amemtaja Marta, bali alikuwa akimweleza Mungu hoja ya kutumia gulio lijalo. Aliinamisha kichwa, akaomba tena, kwa maneno machache, na safari hii hakupendekeza kitu.

Kisha aliinuka, akamfukuza kuku aliyekuwa juu ya mpini, akalichukua jembe na kutu yake, akaliingiza ndani.

Marta alikuwa jikoni, alisikia chuma kikigonga sakafu. Alitoka na mikono ya unga, akasimama mlangoni.

"Hamtaoana kanisani," Fanueli alisema. "Sitaki uongo pale mbele, wake wala wangu. Mtaandikishwa Bomani, Lushoto, na mimi nitakuja kusimama nanyi. Nitaendelea kumwombea aamini, na wewe pia mwombee. Lakini hatutamwombea kwa kumshikia mateka."

Marta akampigia magoti baba yake na kumpaka unga suruali nzima.

Wazee wa kanisa walikutana juu ya jambo hilo, kama ilivyopasa. Kornelio alisema kwa huzuni kwamba mwinjilisti anayempeleka mwanawe Bomani hawezi kuwaonya wengine wasiende. Fanueli alisema Kornelio anasema kweli, jambo lililomshangaza Kornelio hata akasahau alichotaka kuongeza. Fanueli alisimamishwa kuvaa joho na kuhubiri mpaka Pasaka. Alikabidhi funguo, akakaa benchi la nyuma na watoto wanaosinzia, na akagundua, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, kwamba mahubiri marefu ni marefu.

Bomani, Lushoto, tangazo la ndoa lilibandikwa ubaoni, likakaa mpaka siku zake zikatimia, na hakuna aliyelipinga. Siku yenyewe karani alisoma maneno, vijana wakatia sahihi, Selemani akawa shahidi. Fanueli alisimama nyuma na koti lake la Krismasi. Ernest alipogeuka, macho yao yalikutana, na wote wawili wakakumbuka kwa pamoja. Ernest akasogea pembeni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe wangu."

Na ikaishia hapo. Siku hiyo Fanueli alikuwa na hoja mpya kabisa juu ya nafsi, iliyomjia kwenye basi kati ya Mlalo na Lushoto, hoja nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Ilimjaa kinywani kama kiazi cha moto. Alimgeukia mkewe.

"Mama Marta, hebu mwulize mkweo, mtu anayekataa kusema uongo hata pale ambapo uongo utampatia anachokitaka, ni nani ndani yake anayekataa? Ni tumbo?"

Klara alimgeukia Ernest. "Baba yako anasema msafiri salama," alisema.

Ernest alikuwa amesikia kila neno, maana alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwao. Alitazama buti zake akiwa anauma midomo.

"Mwambie tumepokea, Mama," alisema, "na nitalifikiria njia nzima."

Walipanda basi la kushuka Mombo, wakaenda Handeni.

Gulio lililofuata, Fanueli alishuka Mlalo kwa mazoea. Alikaa kwenye benchi nje ya duka la ushirika. Watu walikusanyika, nao kwa mazoea, wakatazamana. Nafasi ya pili ilikuwa tupu. Kornelio, kwa wema, akaenda kuikalia.

"Mimi naona Mungu yupo," Kornelio alianza.

"Hata mimi," alisema Fanueli, na mjadala ukafa.

Selemani alipima chumvi ya mtu. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza bei ya maharage, ingawa aliijua.

"Lakini," Fanueli alisema hatimaye, akikuna kidevu, "Bwana Shamba angekuwepo angekuuliza: umejuaje?"

"Nimejua kwa sababu nimefundishwa."

"Angekwambia, na mtoto wa Bulgaria naye amefundishwa."

"Basi kwa sababu naona uumbaji."

"Angekuuliza shamba la Secilia liliumbwa au liliporomoka."

Watu walisogea karibu. Kornelio alijaribu kabichi, Fanueli akamjibu kwa samadi. Kornelio alimleta mwenye nyumba wa nafsini. Fanueli akamtaka amwonyeshe chumba anacholala. Alizungumza bila kudokoa wala kupunguza, kila hoja akiipa uzito aliokuwa akiipa Ernest mwenyewe, mpaka Kornelio akatoa leso, akapangusa paji la uso.

"Fanueli, ndugu yangu," alisema kwa hofu, "wewe sasa uko upande gani?"

"Upande wa Mungu, kama siku zote. Lakini mkwe wangu hayupo, na si haki kumsema mtu asiyekuwepo bila kumpa wa kumsemea. Haya, jibu."

Selemani alisubiri, akasubiri tena kwa ajili ya haki, kisha akagonga meza ya mizani na kutoa uamuzi: siku hiyo ameshinda Ernest, aliyeko Handeni. Fanueli akapiga makofi kuliko wote, akanunua sukari, akapanda mlima akiwa anatafuta jibu la kumpa.